Bei ya Mkono Uliopika

Niruhusu nianze na bili, maana hiyo bili ndiyo iliyoninyima usingizi. Ilikuwa paundi 186. Tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu, katika mgahawa mmoja wa Kichina jijini London, ile migahawa ya wenye nazo. Sikulipa mimi. Mwenzangu alikuwa amepata kazi ya maana baada ya kuhangaika muda mrefu, akasema lazima tusherehekee. Mimi ni nani hata nikatae?

Vilivyoletwa mezani, jamani, vilikuwa kwanza vya kutazama. Kifuko kimoja cha unga kilichopikwa kwa mvuke, kimoja tu, kwenye sahani inayotosha changu mzima. Juu yake povu la siki na tangawizi. Ukikiuma, mchuzi wa moto unakumwagikia mdomoni. Rafiki yangu akanipa siri yake: mchuzi wa mifupa na ngozi huchemshwa sana mpaka ukipoa unaganda, unakatwa vipande, unafungwa ndani ya unga pamoja na nyama, mvuke ukiupata, unayeyuka upya. Akafuata bata, ngozi yake kavu inalia chini ya meno, kalazwa juu ya viazi vya kuponda vilivyokolezwa soya iliyochachuliwa. Kisha tambi za Kichina zilizopikwa kwa jibini. Mchina, Mfaransa na Mtaliano wamekutana sufuria moja.

Nilikula, tena vilikuwa vitamu, sikatai. Lakini bili ilipokuja mdomo wangu ukanitangulia. Nikamwambia, "Bwana wee, hawa wametuibia. Na hiki wala si Kichina. Kichina cha kweli kiko pale mtaani kwangu, paundi 7 unashiba mpaka unasinzia."

Hakucheka. Alikunja kitambaa chake, akakiweka mezani, akasema polepole:

"Baba yangu aliuza chakula cha bei ya namna hiyo miaka mingi. Unajua iliwezekanaje? Mimi na dada yangu tukitoka shule tulikuwa tunamenya kamba mpaka saa 4 usiku. Hatukulipwa. Mama hakulipwa. Hiyo bei unayoisifu, sisi ndio tuliokuwa tunawalipia nyinyi iliyobaki."

Basi nikanywea. Njiani tuliongea mambo ya mpira.

Sasa tuyapime yale maneno yangu, maana nilisema mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, kwamba kile hakikuwa Kichina cha kweli. La pili, kwamba bei ilikuwa wizi. Watu wengi huyasema hayo mawili pamoja, kama mtu na kivuli chake. Nadhani yanafaa kutenganishwa.

Tuanze na hilo la ukweli wa chakula. Wazee wetu wamesema, mwacha mila ni mtumwa. Nami nilikuwa nimeushika msemo huo kama rungu la kumpigia mpishi. Lakini hao hao wazee wamesema pia, mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Na tukiingia jikoni kwetu wenyewe, je, tutasalimika? Ugali tunaouita wa asili ni wa mahindi, na mahindi asili yake ni Amerika. Muhogo vilevile. Pilipili vilevile. Chapati, sambusa na biriani vilivuka bahari. Urojo wa Unguja, wenye bajia na kachori zake, ukianza kuuliza kila kilichomo kwao wapi, utapoa kabla hujamaliza. Hakuna Mswahili anayeamka asubuhi akajiona mtumwa kwa sababu ya chapati.

Wachina nao ni vivyo hivyo. Kati ya 1849 na 1874 Wachina wapatao 100,000 walipelekwa Peru kwa mikataba, wakafanye kazi katika mashamba ya miwa na machimbo ya mbolea ya ndege, kazi iliyokaribia kabisa utumwa. Walionusurika wakafungua vijimigahawa. Huko ndiko kulikozaliwa mapishi yanayoitwa chifa, na huko ndiko nyama ya ng'ombe ilikokaangwa kwa moto mkali pamoja na vitunguu, nyanya na mchuzi wa soya, ikaandaliwa kwa chipsi na wali kwenye sahani moja. Leo chakula hicho, lomo saltado, ni cha Waperu wote. Nani atamwambia bibi wa Lima kwamba anapika uongo?

Kwa hiyo kuchanganya si dhambi. Tena mara nyingi kuchanganya ni ushahidi kwamba mtu aliishi: alitafuta kiungo cha kwao akakikosa, akashika kilichokuwepo. Hilo la kwanza nimelirudisha. Rafiki yangu akisoma, ajue.

La pili ndilo gumu. Kwa nini nilihisi nimeibiwa? Ningekula sahani ndogo kama ile katika mgahawa wa Kifaransa ningeona ndivyo mambo ya wakubwa yalivyo. Lakini Mchina? Mchina kwangu alikuwa wa paundi 7. Nani aliniambia hivyo? Hakuna aliyeniambia. Nililivuta tu hewani.

Yupo mwanazuoni mmoja, Krishnendu Ray, aliyetoa mwaka 2016 kitabu kuhusu migahawa ya wahamiaji Marekani. Hoja yake, kwa kifupi changu mimi, ni kwamba bei watu wanayokubali kulipia chakula cha taifa fulani hufuata heshima wanayowapa watu wa taifa hilo. Wahamiaji wakiwa maskini, chakula chao hutakiwa kiwe kingi na rahisi. Wakipanda daraja, bei ya chakula chao nayo hupanda. Kumbe ulimi hauonji peke yake. Unaonja pamoja na cheo cha aliyepika.

Tazama mfano. Mwaka 1983 Wolfgang Puck, mpishi mzaliwa wa Austria, alifungua mgahawa wa Chinois on Main huko Santa Monica, California. Ulipika Kichina kilichochanganywa na Kifaransa, kwa bei ya juu, na watu waliujaza. Simlaumu; alikuwa fundi. Lakini jirani yake Mchina aliyepika miaka hiyo hiyo, kwa ufundi uleule, angethubutu kudai bei ile? Hapa London, Andrew Wong alifungua mgahawa wa A. Wong mwaka 2012, palepale wazazi wake walipokuwa na mgahawa wao. Mwaka 2021 ukapata nyota ya pili ya Michelin, ukatajwa kuwa mgahawa wa kwanza wa Kichina nje ya Asia kufika hapo. Mtoto alisimama alipokuwa amesimama baba, akadai bei ambayo baba asingeweza kuidai. Nikikumbuka yule mwenzangu na kamba zake, siwezi tena kuuita wizi.

Hapo ndipo alipoingia mama yangu. Mama ni mama ntilie, Tanga. Kapika wali na maharage, na samaki wa nazi siku za wikiendi, tangu sijajua kusoma. Wateja wake wanambembeleza kila siku: ongeza bwana mama, tia mchuzi, mbona kidogo leo. Hoteli za watalii zinauza samaki wa nazi huyohuyo mara kumi ya bei yake, na huko hakuna anayesema ongeza. Mimi nilichota maji, nikachambua mchele, nikaosha sahani. Sikulipwa wala sikuwahi kufikiri kuna cha kulipwa. Yale aliyoniambia rafiki yangu kuhusu kamba, kwa kweli alikuwa ananisimulia utoto wangu, nami nilikuwa sijautambua.

Lakini tusikimbilie kufunga kesi. Msomaji mkorofi ataniuliza: je, bei ikiwa kubwa ndiyo haki imetendeka? La hasha. Bei kubwa inaweza kuishia mfukoni mwa mwenye mgahawa, na mwosha vyombo akabaki palepale. Hapa Uingereza iliwabidi wabunge kutunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Oktoba 2024, ya kuwakataza waajiri wasijikatie sehemu ya bakshishi wanazoacha wateja. Sheria haitungwi kwa jambo lisilotokea. Ina maana ziko meza ambazo mteja aliacha shukrani yake na mhudumu hakuiona.

Na liko la pili, zito zaidi. Paundi 186 ni miezi 3 na ushee ya fedha ninazomtumia mama. Je, si haramu kula namna ile wakati nyumbani wanahesabu? Nililigeuza jambo hili siku kadhaa. Mtu akisema kila anasa ni wizi kwa maskini, basi hata pilau ya harusi ya kwetu ni wizi, maana nimeona watu wasio na kitu wakichinja mbuzi wao wa pekee siku ya kuoza binti, na mtaa mzima ukafurahi. Hakuna aliyewaita wezi. Mwanadamu hali kwa kushiba tu. Ana haki ya siku moja ya kula kwa furaha, tajiri kwa maskini.

Kwa hiyo harusi ya Tanga ina tofauti gani na meza ya London? Sikuijua mpaka nilipompigia mama simu Jumapili. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza yote: kifuko, povu, bata, bili. Nilidhani atashtuka kwa bei. Aliguna tu. Kisha akauliza:

"Na hao waliopika, mwanangu, walikula?"

"Sijui, mama."

"Hukuuliza?"

Sikuuliza. Wala haikunijia. Katika shughuli ya kwetu swali hilo halina haja, kwa sababu wapishi unawaona: wako uani, jasho linawatoka, wanaonja, wanapakuliana, na watoto wa jirani wanagombea ukoko. Mpishi ni mmoja wa walaji. Pale London mlango wa jikoni ulikuwa unafunguka na kujifunga wenyewe, na mimi niliyekuwa hodari wa kuhukumu Uchina wa bata, sikutupa hata jicho kuona nani yuko upande wa pili.

Nafikiri mama ndiye aliyelishika swali kwenye mpini. Kuuliza kama chakula ni cha asili ni kuuliza habari za sahani. Kuuliza kama ni ghali ni kuuliza habari za mfuko wangu. Kuuliza kama waliopika walikula ni kuuliza habari za watu. Na swali hili linapita kote, kwa yule wa paundi 186 na kwa yule wa paundi 7. Chakula rahisi kinaweza kuwa rahisi kwa sababu kuna mtoto aliyekipunguzia bei kwa mikono yake. Chakula ghali kinaweza kuwa ghali na bado mikono isipate kitu. Bei peke yake haisemi, inabidi tuulize.

Mtasema ni rahisi kuandika. Kweli. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Mchina wangu wa mtaani, nikiwa na haya maneno yote kichwani kama mhubiri. Nyuma ya kaunta, kwenye stuli, alikaa mtoto wa miaka kama 9 akiandika kazi za shule, huku anapanga makopo ya sosi kwa mkono mwingine. Miaka yote niliyokuwa nikinunua pale, sikuwahi kumwona. Naamini alikuwepo.

Nikatoa noti ya paundi 10, nikachukua mfuko wangu, nikatoka bila kungoja chenji. Nilijiona nimefanya jambo.

Sikufika mbali. Nikasikia viatu vinakimbia nyuma yangu. Ni yule mtoto, kashika paundi 3 mkononi, anahema.

"Mjomba, umesahau chenji yako."

Nikaipokea, maana sikujua nimwambie nini. Akarudi mbio kwenye makopo yake.