Filme Ile Ile, Macho Mengine



Je, mtu anaweza kutazama kitu na bado asikione? Nitajibu kwa jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Wengi wenu mnaijua filme «La Vie est belle» ya mwaka 1987, kazi ya Benoît Lamy pamoja na Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu. Papa Wemba ni Kourou, kijana maskini anayeingia Kinshasa kutafuta muziki, akampenda Kabibi. Lakini tajiri Nvouandou, aliyepungukiwa nguvu za kiume, ameambiwa na mganga aoe bikira, asimguse kwa siku 30. Anamchagua Kabibi. Na Kourou ni boyi nyumbani mwa tajiri huyo.

Niliiona kwanza nikiwa na miaka 16, kwa kaseti ya video, tumebanana kwa jirani. Tulimcheka tajiri mpaka machozi. Kabibi kwetu alikuwa zawadi tu ya yule atakayeshinda.

Mwaka jana niliitazama tena pamoja na mama watoto. Papa Wemba hayuko tena. Alianguka jukwaani kule Abidjan mwaka 2016. Safari hii nilimtazama Kabibi. Mganga ana shauri lake, tajiri ana haja yake, naye mtoto wa watu amefanywa dawa ya ugonjwa wa mwingine.

Nikanyamaza, maana kabatini mwangu kulikuwa bahasha. Mtu mwenye duka aliileta kwa ajili ya binti yetu, nami niliipokea bila kumuuliza mtoto hata neno. Nilijiambia: ni kwa faida yake. Kesho yake nikamwita. Akasema: «Baba, nilikuwa nangoja uniulize.» Hakumtaka. Nikarudisha bahasha kwa haya, tena kwa mkopo, kwa kuwa feza kidogo ilikuwa imekwisha kutumika.

Mtu atauliza: shemasi anajifunza kwa filme yenye mganga na nganda? Namjibu: Kabibi alikuwa pale tangu mwanzo, mimi ndiye sikumwona. Wala umri peke yake haufungui macho, maana wazee wengi hutazama wasiguswe. Macho yanafunguka siku mtu anapokubali kwamba yule aliyemcheka ndiye anayefanana naye.

Wazazi wenzangu, kabla ya kupokea bahasha, muulizeni mtoto.