Dohani na Ndege

Katika nchi ya Uingereza kunguru wadogo hudondosha vijiti ndani ya dohani ili wajenge viota. Ndege wengine huteleza mpaka mekoni, wakashindwa kutoka. Je, mwenye nyumba ana lawama? Hakukusudia kudhuru, lakini achimbaye shimo njiani hasalimiki kwa kusema kwamba hakumsukuma mtu. Kinga ni nyepesi: wavu wa waya juu ya dohani, upitishao moshi na kuzuia bawa. Walakini wema nao una majira yake. Wavu ufungwao makinda wangali ndani ni kaburi. Na sheria ya mwaka 1981 hukataza kuharibu kiota kinachotumiwa. Basi huruma haitoshi, sharti iwahi.