Aliyewasha Moto Alipe
Somo: Kutoka 22:6

Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka kwa siku nyingi. Wasimamizi wa hifadhi walisema dalili za kwanza zilionyesha moto ulitoka kwa wapagazi waliokuwa wakiwaandalia watalii chakula pale Whona. Moto wa sufuria tu! Wanavijiji wakapanda kusaidia kuuzima.

Usiseme, "Mimi niko Likoni, yanihusu nini?" Maji ya Mzima yanayoletwa Mombasa ni mvua iliyonyesha Milima ya Chyulu, na huko nako huungua kiangazi.

Nami nina moto wangu. Nikiwa kijana kwetu Taita, nilichoma magugu mchana, upepo ukavuma. Mahindi ya jirani yetu, mama mjane, yakaisha yote. Nikatubu kanisani, nikalia. Lakini sikumlipa. Musa hasemi aliyewasha moto alie, anasema alipe. Nilisomea biashara, najua machozi hayafuti deni.

Mwezi jana nilipanda matatu hadi Wundanyi, nikampelekea pesa. Alizihesabu polepole, akaniambia, "Mwanangu, mwaka ule watoto walilala njaa." Hapo pesa zangu ziliisha nguvu. Nikapiga magoti. Akanishika kichwa, akaniombea.

Mpendwa, wewe umechoma shamba la nani? Pengine kwa ulimi, pengine kwa pesa za chama. Jumapili ijayo, kabla hujaleta sadaka, pitia kwake kwanza. Amina.