Mjomba Getini

Mjomba wangu ana miaka sabini na kitu, na karibu yote ameishi Jibondo, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kusini mwa Mafia. Mwaka jana alikuja Dar es Salaam kutibiwa jicho. Alivuka kwa mashua hadi kisiwa kikuu, akapanda boti ya Nyamisati, akaingia basi, akaunganisha daladala mbili, mwisho akachukua bodaboda mpaka nje ya makazi tunayoishi, kaskazini mwa jiji. Safari nzima ilimkubali. Palipomshinda ni mita mia mbili za mwisho. Getini alisimama dakika hamsini.

Mlinzi alimuuliza anakwenda kwa nani. Akataja jina langu la nyumbani, lile aliloniita tangu natambaa, ambalo pale halijulikani na mtu. Namba ya nyumba? Hakuwa nayo. Simu yangu ilikuwa kimya, niko kwenye kikao cha habari. Mke wangu yuko kazini. Dada wa kazi akaambiwa kwa simu ya ndani kwamba kuna mzee, naye akajibu vile tulivyomfundisha: hajapewa taarifa ya mgeni.

Nilipofika nilimkuta ameketi juu ya tofali, upande wa nje wa ukuta, kiroba cha pweza wakavu kati ya miguu yake. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ileile ya siku zote. Hakulalamika. Tulipokwisha kuingia ndani na kunywa maji, ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza njia: "Mjomba, hapa mtu akitaka kupiga hodi, anapiga wapi?"

Nilicheka. Halafu sikulala vizuri.

Niseme ukweli mapema, msomaji usije ukadhani naandika kwa kujitoa. Geti lile nalipenda. Tulihamia pale mwaka 2021 baada ya kuvunjiwa nyumba tuliyokuwa tumepanga uswahilini. Walikuja saa tisa usiku, watu wanne na mapanga, mtoto wetu akiwa na miezi minane. Hawakutugusa. Lakini kwa miezi mingi mke wangu hakuweza kulala kabla sijazunguka nyumba mara mbili nikikagua komeo. Siku ya kwanza ndani ya ukuta mpya alilala saa kumi mfululizo. Mtu yeyote akitaka kunihubiria ubaya wa kuta, aanzie kwenye usingizi ule.

Kwa hiyo swali langu si kama mtu ana haki ya kujilinda. Anayo. Swali ni lile la Mjomba, hodi inapigwa wapi, na nimelizungusha kichwani mwaka mzima sasa.

Hodi tunaichukulia kama adabu ndogo ya watoto, lakini ni mpango mzito kuliko unavyoonekana. Anayekuja husimama nje na kutoa sauti. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitikiwa, huondoka bila kinyongo. Mwenye nyumba naye ana haki yake kamili: anaweza kunyamaza, anaweza kusema nina shughuli, anaweza kusema karibu. Kwamba mlango unafungwa si tatizo. Milango ya pwani yetu ni minene kuliko geti la kwetu. Ila kwenye hodi, anayekataa lazima akatae mwenyewe. Sauti ya mtu imemfikia, ameitambua, na kunyamaza kwake ni tendo lake. Atakutana na yule mtu msikitini au dukani na atalibeba lile tendo usoni.

Getini hakuna anayekataa. Mlinzi anafuata maelekezo ya kampuni yake. Kampuni inafuata mkataba. Mkataba umepitishwa na kamati ya wakazi, na kamati inasema ndivyo wakazi walivyotaka. Mimi ni mkazi, nami siku ile nilikuwa kikaoni. Mjomba wangu alizuiwa na hakuna mtu aliyemzuia.

Hilo la Mjomba lingeweza kuwa kisa cha kuchekesha cha familia, kama nisingekuwa na lingine. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Kwetu hatukujua sana kama kuna mgao, kwa sababu ndani tuna kisima kirefu chenye pampu na matangi. Nje ya ukuta, mtaa ulikuwa unanunua dumu kwa bei ya kuumiza. Kina mama wakaanza kuja na madumu getini. Siku mbili za kwanza walinzi waliwajazia kutoka bomba la bustani. Siku ya tatu mjadala ukaibuka kwenye kundi la WhatsApp la wakazi. Hakuna aliyeandika neno baya, na ningependa ulione hilo. Watu waliandika kuhusu usalama, kuhusu umeme wa pampu, kuhusu "kuweka utaratibu". Mmoja alipendekeza tutoe mchango kwa serikali ya mtaa badala yake, na mchango ulitolewa kweli. Bomba likafungwa. Mimi sikuandika chochote. Nilisoma ujumbe wote, nikaweka simu chini, nikaoga.

Mtu niliyezaliwa na mama wa Jibondo! Kisiwa kile hakina maji matamu ya kutosha. Watu huvuna ya mvua, na yakiisha huyafuata kwa vyombo kisiwa kingine. Nilipokuwa mdogo likizo zangu zilikuwa ni hizo: kukaa juu ya madumu ndani ya mashua, kuambiwa nisichezechezee vifuniko. Kama kuna mahali ambapo maji yana haki ya kufungiwa kabatini, ni pale. Hata hivyo sikuwahi kuona mtu akiomba kata ya maji akaambiwa aende serikali ya mtaa. Aliyekuwa nayo kidogo alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, leo sina.

Tabia hii ya kukata watu bila kuwataja hatukuianza sisi. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891, na baadaye za Waingereza miaka ya 1920, ziliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu. Karatasini haikuandikwa Mzungu akae huku na Mwafrika kule. Iliandikwa aina ya jengo: majengo ya namna ya Ulaya hapa, ya namna nyingine pale, ya udongo na makuti mbali zaidi. Jengo likafanya kazi ambayo sheria iliona haya kuifanya. Ndivyo tulivyopata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama pumzi kati ya Uhindini na Kariakoo. Leo brosha za nyumba hazisemi maskini asije. Zinasema utulivu. Ukienda Kiambu nje ya Nairobi, ukienda Alphaville ya São Paulo, iliyoanza miaka ya 1970, neno ni lilelile.

Karibu na Jibondo kuna kisiwa cha Juani, na Juani kuna magofu ya Kua, mji uliokuwa na nyumba za mawe na misikiti kadhaa kabla Wasakalava wa Bukini hawajauvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Wazee wana hadithi yake, kila mmoja na toleo lake. Watu wa Kisimani walitenda unyama kwa watoto wa Kua siku ya kushusha jahazi. Watu wa Kua wakameza hasira miaka, kisha wakawaalika wale wa Kisimani harusini. Wageni wakaketishwa kwenye chumba cha chini, chakula kikaletwa, ngoma ikapigwa, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja. Mlango ukajengewa kwa mawe.

Utotoni niliwaogopea wageni. Siku hizi nawawaza mafundi. Ukuta haukujijenga. Kuna mtu alichanganya chokaa, mwingine akasogeza mawe, mwingine akaweka jiwe moja tu na kumpisha mwenzake. Nina hakika walirudi nyumbani wakala.

Nilimwambia Mjomba wazo hili siku moja kabla hajarudi, nikitarajia anisifu. Akaniangalia kwa lile jicho lililobaki bila bandeji. "Sisi nasi tunafunga," akasema. Na ni kweli, nilikuwa naisahau kwa makusudi. Wavuvi wa dago wakija kutoka mbali, Jibondo si watu wa kuwakaribisha kwa matarumbeta. Eneo lile lilipofanywa Hifadhi ya Bahari mwaka 1995, ya kwanza nchini, Jibondo ilijulikana kwa ugumu wake wa kuikubali; waliona bahari yao imewekewa geti na mtu mwingine. Halafu miaka ya karibuni wao wenyewe wamekubali kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, pweza wakue. "Tunafunga," akarudia, "lakini hata mimi sichokoi. Na siku ya kufungua inajulikana."

Sijui kama hilo linanitosha. Mwamba si nyumba, na pweza haji na panga saa tisa usiku. Mke wangu, aliyekuwa anasikiliza akiwa jikoni, alisema hivyohivyo kwa maneno makali zaidi, na Mjomba akakubaliana naye.

Mkataba wetu tumeuhuisha. Nimeomba kamati ijadili bomba la nje kabla ya kiangazi kijacho, kwa majina, kila nyumba iseme ndiyo au hapana. Nyumba tatu zimenijibu. Pia nimemwandikisha Mjomba kwenye orodha ya wageni wa kudumu, na fomu inataka namba ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo nilimpigia.

"Namba ya nini?" akauliza.

"Ya kukuandikisha, mjomba."

"Kuandikishwa wapi?"

"Kwangu."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia upepo, na watu wakishusha kitu kwenye mashua. Kisha akanisomea tarakimu, polepole, mbili mbili, na alipomaliza akaniuliza kama Dar mvua imeanza, maana kule matangi yamebakiza chini.