Je, Kutojua ni Udhuru?

Katika mabaraza ya wazee wetu shauri moja lilizuka mara kwa mara, na kila lilipozuka lilileta ubishi: mtu akiharibu kitu cha mwenzake bila ya kujua, je, alaumiwe? Wako waliosema kwamba asiyejua hana hatia. Wako na wengine waliouliza kwanza: kabla ya kutenda, aliuliza? Mimi naliona swali hili la pili kuwa ndilo zito, na ningependa kulipima, si kwa kisa cha mbuzi aliyeingia shambani, bali kwa kisa cha samaki wa bahari za mbali.

Samaki huyo ni papa mdogo wa maji baridi, mwenye mwiba mmoja mbele ya kila pezi la mgongoni. Wavuvi wa Ulaya na wa Amerika ya Kaskazini wamempa jina la mbwa, kwa kuwa huenda makundi makundi kama mbwa wawindao, akararua nyavu na kuwala samaki walionaswa. Jina hilo, msomaji atakubali, lilikuwa tayari ni nusu ya hukumu.

Wanasayansi waliomchunguza walikuta kiumbe wa namna nyingine kabisa. Jike hubeba mimba kwa muda wa karibu miaka miwili, mrefu kuliko ule wa binadamu na hata wa faru, kisha huzaa watoto wachache tu walio hai, aghalabu sita au saba. Umri wake husomwa katika ule mwiba, ambao huongeza pete kila mwaka kama ufanyavyo mti wa nchi za baridi. Kazi hiyo si nyepesi. Ncha ya mwiba hulika, pete za utotoni zikapotea, na mtafiti hana budi kuzikadiria. Uthibitisho ulipatikana kwa njia ya ajabu: majaribio ya mabomu ya atomiki ya miaka ya 1950 na 1960 yalitia baharini kaboni yenye mnururisho, na miiba ya papa waliokuwa hai wakati huo ikaihifadhi alama yake kama kalenda. Silaha za maangamizi zikawa, bila ya kukusudia, shahidi wa umri wa samaki! Leo inajulikana kwamba katika Pasifiki ya Kaskazini jike huweza kufikia umri wa miaka 35 hivi kabla ya kukomaa, na kwamba wako walioishi zaidi ya miaka 80.

Sasa tazama alivyotendewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafuta ya samaki kutoka Ulaya yalipoadimika, papa hao walivuliwa kwa wingi katika pwani ya magharibi ya Marekani na Canada kwa ajili ya vitamini A iliyomo katika maini yao. Vitamini hiyo ilipoanza kutengenezwa viwandani, biashara ikafa, na yule aliyekuwa mali akarudi kuwa kero, hata serikali ya Canada ikatoa fedha ili auawe. Ulaya aliliwa, lakini kwa majina ya kuazima. Uingereza aliuzwa kwa jina lililomfananisha na samoni. Ujerumani minofu ya tumbo lake, iliyokaushwa kwa moshi, iliitwa kwa jina la vishungi vya nywele za mshairi Schiller. Mlaji hakujua anakula nini, na pengine hakutaka kujua.

Katika Atlantiki ya Marekani, samaki wengine walipopungua, wavuvi walihimizwa kumvua huyu ambaye hakuwa na mwenyewe. Soko lilitaka wakubwa. Wakubwa ni majike, na majike wakubwa ndio wenye mimba. Mwaka 1998 ikatangazwa rasmi kwamba wamevuliwa kupita kiasi. Uvuvi ukapunguzwa sana kuanzia mwaka 2000, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba idadi yao imerejea.

Je, hapa kutojua kulikuwa udhuru? Kama hakuna mtu aliyejua, ningesema ndiyo. Lakini E. Ford alikuwa amechapisha uchunguzi wake juu ya papa walioletwa bandarini Plymouth tangu mwaka 1921, na urefu wa mimba ulijulikana miongo mingi kabla ya uvuvi huo mkubwa. Mwaka 1974 M. J. Holden aliandika waziwazi juu ya matatizo ya kuwavua papa kama wavuliwavyo samaki watagao mayai kwa maelfu. Ujuzi ulikuwapo. Ulikuwa kabatini, katika lugha ya wataalamu, na hakuna aliyeubisha hodi.

Simlaumu sana mvuvi. Mtu mwenye deni la chombo na watoto wa kulisha hawezi kutakiwa asome majarida ya vyuo vikuu. Lawama namwekea aliyelipwa mshahara ili ajue, kisha akamhimiza mwenzake bila ya kuuliza. Na mtaalamu naye hana budi kubeba sehemu yake, kwani ujuzi usiowafikia wanaouhitaji hauna tofauti kubwa na kutojua. Tena yeye mwenyewe huua ili ajue: mwiba hausomwi katika samaki anayeogelea. Naona kifo hicho chaweza kutetewa, lakini kwa sharti kwamba kilichosomwa kifike bandarini.

Katika Atlantiki ya upande wa Ulaya, uvuvi huo uliporuhusiwa tena mwaka 2023, iliwekwa sheria ya kurudisha baharini wale wazidio sentimita 100. Yaani wale wale majike waliokuwa wakitafutwa.

Huyu si papa wa pwani yetu. Lakini pwani yetu ina papa wake, na historia ndefu nao: sifa itokayo katika maini yao ilipakwa mbao za majahazi zisioze, na papa mkavu amekuwa kitoweo tangu enzi za mababu. Mtu akisimama sokoni mbele ya kipande cha papa mkavu atauliza bei, na pengine atauliza kimetoka wapi. Kwamba samaki yule alikuwa na umri wa miaka mingapi, na kama alikuwa na mimba, ni maswali ambayo mwuzaji huulizwa kwa nadra sana.