Dhahabu Haimalizi Kesi

Kuna kitabu kidogo pale British Library, London, ambacho maandishi yake yote ni ya dhahabu. Si kichwa peke yake, si herufi za mwanzo tu. Yote. Ni hati ya mfalme Edgar wa Uingereza, ya mwaka 966, kwa monasteri ya New Minster mjini Winchester. Kwa kawaida hati za enzi hizo ziliandikwa kwenye kipande kimoja cha ngozi, bila mbwembwe. Hii ikafanywa kitabu.

Mwanzoni kuna picha kwenye ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Edgar amesimama katikati ya Bikira Maria na Mtakatifu Petro, ameinua hati yenyewe juu, anampa Kristo aliyezungukwa na malaika wanne. Pembeni, majani yanajipinda kwenye fremu ya dhahabu.

Sasa, hati inasema nini? Kwa ufupi, kuna watu wamefukuzwa. Mwaka 964 makasisi wa New Minster walitimuliwa na nafasi zao wakapewa watawa Wabenedikti. Aliyesukuma mambo ni askofu Æthelwold, na wasomi wengi wanaamini ndiye aliyeitunga hati. Anaanzia mbali kweli: kuumbwa kwa ulimwengu, malaika walioasi wakatupwa kutoka mbinguni, Adamu na Hawa wakatolewa bustanini. Halafu ndiyo anafika kwa makasisi. Kama Mungu mwenyewe alifukuza waasi, kwani Edgar amekosea wapi? Na yeyote atakayewasumbua watawa wapya amewekewa laana.

Hapo ndipo ninajiuliza: uzuri unaweza kuwa ushahidi?

Ni rahisi kusema ati hii ni propaganda, basi. Lakini aliyekaa akiandika ukurasa baada ya ukurasa kwa dhahabu huenda aliamini kabisa kwamba anamtolea Mungu zawadi. Na huenda makasisi walikuwa wazembe kweli. Wanafunzi wa Æthelwold waliandika hivyo kuhusu makasisi wa Winchester, kwamba walikuwa walafi na walikuwa na wake. Shida ni kwamba hao mashahidi ni wanafunzi wa aliyeshinda.

Dhahabu inatuambia mwandishi aliamini kiasi gani, na alikuwa na uwezo kiasi gani. Kama alikuwa na haki, hilo ni swali lingine. Mkenya aliyewahi kuona hati mbili za shamba moja, zote zimepigwa muhuri, analijua hili bila kufika Winchester.

Hata hivyo sitaki kuacha kuupenda uzuri huo. Ningepewa nafasi, ningekitazama hicho kitabu hadi walinzi wanitoe. Ila kwenye ile picha yupo Kristo, yupo mfalme, wapo watakatifu na malaika. Kasisi hata mmoja hayupo. Ningeanza kwa kuuliza alienda wapi.