Zimetoka Wapi?

Wiki hii tuulizane swali moja gumu: je, ni wizi kama hakuna anayelalamika?

Kuna ndugu alituletea habari njema. Kanisa lilihitaji mabenchi, naye amepata mbao za mbambakofi kwa nusu bei. Tukasema amina. Kisha mama mmoja akauliza, "Zimetoka wapi?" Kimya. Zilikuwa zimekatwa usiku, bila kibali, msitu wa Arabuko-Sokoke. Ndugu akajitetea: "Mchungaji, msitu ni wa Mungu, na kanisa ni la Mungu. Sasa nimemwibia nani?"

Tumjibu kwa haki. Msitu ule, kati ya Kilifi na Malindi, una kilomita za mraba kama 420. Ndimo anamoishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayetafuta wadudu chini ya majani makavu. Wengi wa aina yake waliobaki duniani wamo humo. Yumo pia bundi mdogo wa Sokoke. Hawa hawaendi polisi kuripoti. Na mbambakofi hukua polepole: anayeukata leo hakuupanda yeye wala babake, na mjukuu wake hataukuta.

Kwa hivyo walioibiwa wapo, ila hawana sauti. Lakini Mungu anawaona. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inakataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Katika 20:19, hata jeshi lililo vitani halina ruhusa ya kuangamiza miti ya matunda. Kama vita si sababu, benchi je?

Na lile neno "ni cha Mungu"? Soma Yoshua 7. Akani alichukua kilichokuwa cha Mungu, na Israeli yote ikaumia. Kitu kuwa cha Mungu si ruhusa ya kukichukua. Ndiyo sababu ya kuogopa kukigusa.

Najua njaa ni ya kweli, na karo haingoji. Lakini njia nyingine zipo. Kando ya msitu huo huo, kule Gede, tangu 1993 kuna wakulima wanaofuga vipepeo wa kuuzwa ng'ambo. Wao wanahitaji msitu usimame. Sisi tulimsaidia ndugu yetu kutafuta njia gani? Tulimpa amina tu.

Mbao tulizikataa, kama Daudi alivyokataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu (2 Samweli 24:24). Jumapili mbili ndugu hakuonekana. Tulimwendea nyumbani, si kumhukumu, bali kumwomba msamaha, kwa sababu tulishangilia kabla ya kuuliza.

Mpendwa, wiki hii ukinunua makaa au mbao, uliza kama yule mama. Bwana atupe mikono safi. Amina.